Kisomo cha familia kwa jamii za asili Dar es Salaam: maswali ambayo waratibu wapya hutuuliza

Maswali haya tumeyapata kwa wawezeshaji, walimu wa madarasa ya chini, maafisa wa kata na vijana wa vikundi vya mitaani wanaotaka kuanzisha kisomo cha familia kwa Wazaramo, Wandengereko na Wamasai wanaoishi jijini. Tumeyajibu kama tunavyojibizana tukiwa kazini.

Kisomo cha familia kina tofauti gani na darasa la watu wazima?

Darasa la watu wazima humfundisha mama peke yake, na tuisheni humfundisha mtoto peke yake. Kisomo cha familia huwakalisha pamoja watu wa nyumba moja, wa vizazi viwili au vitatu. Mtoto ana muda wake wa kusoma, mzazi ana wake, upo muda wa wote wawili kufanya kazi moja, na upo muda wa wakubwa kuzungumzia malezi. Mgawanyo huo wa sehemu nne ulienea Marekani katika miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1990 ukatumika pia kwenye shule za wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na familia zenye watoto wachanga zikawa zinafuatwa nyumbani.

Wamaori wa New Zealand walishika njia nyingine. Mwaka 1982 walifungua kohanga reo (kiota cha lugha) ya kwanza huko Wainuiomata, karibu na Wellington, ambako wazee walikaa na watoto wa chini ya umri wa shule wakiwasemesha Kimaori kutwa nzima. Hapo mzee ndiye aliyekuwa mwalimu. Kwa maoni yetu, mratibu wa Dar es Salaam ana mengi ya kuchukua kwa Wamaori kuliko kwa Wamarekani, kwa sababu huku kwetu bibi na babu bado wapo nyumbani, bado wanasikilizwa, na wengi wao ndio wanaolea wajukuu.

Na sisi wenyewe hatuanzi sifuri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, takwimu za serikali zilionyesha wamebaki kama 10. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Ukikutana na mzee wa miaka sabini na kitu, muulize alikuwa kikundi gani. Atakueleza mwenyewe kilichowafanya wahudhurie, na maelezo hayo yatakufaa kuliko mwongozo wowote.

"Jamii ya asili" ndani ya jiji ni ipi? Dar es Salaam si ya watu wote?

Ni ya wote, lakini ilikuwa na wenyewe kabla haijawa jiji. Wazaramo walikuwepo tangu enzi za Mzizima, kijiji kilichokuwa hapa kabla ya jiji, na mpaka leo utawakuta kwa wingi Chanika, Msongola, Pugu, Chamazi, Toangoma, na vijiji vya pwani ya Kigamboni kama Kimbiji na Mbutu. Jiji limepanuka hadi mashambani mwao. Kilichokuwa shamba la minazi na mikorosho kimekatwa viwanja, familia zimetawanyika, na mara nyingi bibi amebaki Msongola wakati mwanawe amepanga Mbagala. Ukipanga kisomo cha familia bila kujua kwamba familia yenyewe inaishi sehemu mbili, utamkosa bibi.

Wamasai wamekuja jijini kutafuta kazi, na ardhi yao iko mbali. Wahadzabe na Wadatoga wa bonde la Eyasi wana mambo yao, na majibu haya hayatoshi kwa huko. Serikali yetu husema Watanzania wote ni wenyeji, hivyo barua yako ya utambulisho isijikite kwenye kugawa watu. Eleza kwamba unafanya kazi na familia za mtaa fulani, kwa lugha na desturi za mtaa huo. Hata hivyo, azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, linazipa jamii hizi haki ya kusimamia elimu yao kwa lugha yao. Mratibu alijue na alitende, hata kama halitaji kwenye kila kikao.

Nianzie ofisi gani?

Serikali ya mtaa. Mwone mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata na afisa elimu kata. Halmashauri ina ofisa wa elimu ya watu wazima, naye atakueleza kama pana kituo cha MUKEJA (mpango wa serikali wa elimu ya watu wazima) au MEMKWA (elimu ya msingi kwa watoto walioikosa) karibu, msije mkagombania watu walewale. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iko hapahapa mjini na ina uzoefu wa miongo mingi. Ukitaka kukusanya taarifa za utafiti, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hakikwepeki.

Hizo ni karatasi. Kazi yenyewe inaanza kwa watu wawili watatu ambao hawana ofisi: mzee anayeshika historia ya ukoo, imamu au mwalimu wa madrasa, na somo au kungwi, yaani mwanamke anayewafunda mabinti, anayeheshimiwa na akina mama. Nenda na mwenyeji, piga hodi, amkia, kaa. Usitoe daftari siku ya kwanza. Ukiulizwa shida yako, sema ukweli kwamba umekuja kuuliza watoto wa hapa wanajifunza nini kwa wakubwa wao, na wakubwa wangependa wajifunze nini zaidi. Wakikuambia hawahitaji kisomo, ila wanahitaji watoto wasome barua za viwanja ili wasidhulumiwe, basi umeshapata somo lako la kwanza: barua za viwanja.

Tutumie lugha gani: Kiswahili, Kizaramo au Kimaasai?

Hili ndilo swali lenye ugomvi mwingi, nasi tuna msimamo. Angalia kwanza mtoto anaongea nini akilia usiku.

Mtoto wa Kizaramo wa Chanika leo analia kwa Kiswahili. Kizaramo amekisikia bibi akiteta na wenzake kisimani au msibani. Lugha hiyo ni ndugu ya Kikwere, Kikutu na Kiluguru, na wanaoimudu sawasawa sasa ni watu wazima sana. Kwa mtoto huyo, herufi zifundishwe kwa Kiswahili, maana ndicho anachokijua na ndicho kinachofundishiwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la kwanza na la pili. Kizaramo kiingie kwa mdomo, kutoka kwa bibi: vitendawili, nyimbo za kubembelezea, majina ya miti, samaki na sehemu za mwili, masimulizi ya mtaa ulivyopata jina lake. Mtoto akishaweza kusoma Kiswahili, atakisoma Kizaramo kilichoandikwa bila shida kubwa, kwa kuwa herufi ni zilezile. Kinachomshinda ni kukielewa, na kukielewa kunatoka kwa bibi. Ndiyo maana bibi hapaswi kukosekana kwenye kikao.

Mtoto wa Kimasai aliyeletwa mjini na mama yake akiwa na miaka mitano ni habari nyingine. Huyo anaongea Kimaasai, na Kiswahili anakijifunzia mtaani. Usimwanzishie "ba, be, bi" ya maneno asiyoyajua. Mama amsimulie kwa Kimaasai, aandike jina lake, jina la mama yake, na majina ya ng'ombe wao kwa rangi zao, halafu Kiswahili kiongezwe taratibu. Kimaasai kina maandishi siku nyingi, na vifaa vinapatikana.

Mkianza kuandika Kizaramo, mtabishana namna ya kuandika. Wazee wa Kisarawe watasema hivi, wa Kigamboni watasema vile. Msimlete mtaalamu kuamua mwanzoni. Andikeni namna zote mbili, mbele ya kila moja mwandike imesemwa na watu wa wapi. Kitabu kidogo chenye matamshi mawili hakina kosa.

Mzazi hajui kusoma. Atamsaidiaje mtoto?

Kwa kuuliza, kusikiliza na kusimulia. Watafiti wa nchi nyingi wanakubaliana kwamba mtoto anayezungumzishwa sana nyumbani huanza shule na maneno mengi, na maneno hayo ndiyo anayoyakuta kitabuni.

Chukua khanga. Kila nyumba ya Kizaramo inazo, na zimeandikwa. Kwenye kikao kimoja barazani, bibi alitandaza khanga yenye maneno NANI KAMA MAMA, mjukuu wa darasa la kwanza akaweka kidole: na-ni, ka-ma, ma-ma. Silabi zote zilikuwa zile alizofundishwa tayari shuleni. Alipomaliza, bibi akamwambia, "Sasa nikuambie mimi. Hii aliinunua babu yako, mama yako alipozaliwa. Alitoka nayo Kariakoo kwa miguu, hana nauli." Mtoto akauliza kwa nini hakuwa na nauli. Yakafuata mazungumzo marefu juu ya bei ya nazi wakati huo, na mwezeshaji hakusema neno. Mwisho mtoto aliandika kwenye daftari: "Babu alinunua kanga. Alitembea." Sentensi mbili za mtoto wa miaka saba, kuhusu mtu wa ukoo wake ambaye hakumwona. Bibi aliomba asomewe tena.

Ukili nao una hesabu ndani yake. Mwanamke anayesuka mkeka anahesabu miyaa, anajua ngapi zinapanda na ngapi zinashuka ili ua litokee, na akikosea mmoja anajua amekosea wapi. Mwache amfundishe mtoto kusuka huku mtoto akiandika namba. Kukuna nazi, kupima mchele kwa kibaba, kugawa samaki kwa mafungu: hayo yote ni masomo, na mwalimu wake ni mtu ambaye rejesta ya shule ingemwita asiyejua.

Wazee wengi wamesoma madrasa tu. Tuwaandikishe kama wasiojua kusoma?

Hapana. Mtu aliyehitimu juzuu anajua kwamba alama kwenye karatasi ni sauti, anajua kufuata mstari, anajua nidhamu ya kurudia hadi ishike. Watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya herufi hizi tunazotumia. Kwenye fomu ya kuandikisha usiulize "unajua kusoma?" Uliza: unasoma nini, kwa herufi zipi, na ungependa kusoma nini zaidi. Watu hawa huenda haraka sana wakianza herufi za Kilatini, mradi usiwaweke benchi moja na anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza, na usiwaambie wanaanza upya.

Ratiba iweje?

Ifuate maji, mvua na sala. Kijiji cha wavuvi kinaishi kwa bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua maji yakitoka sana, akina mama wako ufukweni wanaokota chaza na kombe, hutampata mtu. Masika ya Machi hadi Mei ni kulima, na barabara za ndani za Msongola hazipitiki. Ramadhani punguza vikao, viwe vya masimulizi, ama baada ya alasiri ama baada ya futari. Likizo ya Juni na miezi inayofuata mavuno ni wakati wa ngoma na kucheza mwali (kumtoa binti aliyefundwa), hapo familia nzima iko shughulini. Shule nyingi za msingi jijini zina zamu mbili, kwa hiyo uliza kila mtoto yuko zamu ipi kabla hujapanga saa. Kwetu saa kumi jioni, kikao cha saa moja na nusu, mara mbili kwa wiki, imekubalika na wengi.

Akina baba hawaji.

Wafuate. Wavuvi wakishona nyavu kivulini wana mikono tu iliyoshughulika, masikio yako huru. Peleka mtoto wa mmoja wao amsomee baba mizani ya leo: kilo, bei, deni la mafuta ya injini. Baba akishaona daftari la mahesabu linamtetea kwa mchuuzi, atakaa.

Wamasai walinzi wanafanya kazi usiku, na familia zao ziko Simanjiro au Monduli. Hiyo nayo ni familia?

Ni familia kamili, ila imetenganishwa na umbali, na kwa kweli hawa ndio wanaosahaulika zaidi. Kijana analinda nyumba Mikocheni usiku, mchana analala au anasuka nywele sokoni, mtoto wake anakua bila kumsikia. Simu ndiyo baraza lao. Baba anarekodi kwa sauti hadithi aliyosimuliwa na babu yake, kwa Kimaasai, dakika tatu tu, anaituma. Nyumbani mama anamchezea mtoto, na mtoto aliyeanza shule anaandika maneno matano aliyoyashika na kumtumia baba picha ya daftari. Baba ambaye hajui kusoma anapata sababu ya kujifunza: anataka kusoma maneno matano ya mwanawe bila kumwomba mtu. Hatujaona kichocheo kinachoshinda hicho.

Vikao vya ana kwa ana viwe saa nane mchana, wakiwa wameamka, mahali wanapokutana wenyewe. Muda wa maongezi na kifurushi uwekwe kwenye bajeti kama unavyoweka chaki.

Vitabu tuvipate wapi?

Vya kusoma, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, umetoa vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto. Lakini vitabu ambavyo familia hurudia kusoma ni vile walivyoviandika wenyewe. Mzee anasimulia, kijana wa sekondari anaandika neno kwa neno, mtoto anachora, kisha ukurasa unasomwa mbele ya mzee asahihishe. Steshenari yoyote ya mtaani itakutolea nakala na kuzibana.

Hapa kuna mpaka usiovukwa. Mafunzo ya unyago na jando hayaandikwi. Nyimbo za ndani, maana za mwanahiti (kinyago cha mwali), mambo ya kumfunda mwali: hayo ni ya waliopita humo, na somo akisema "hili liishie hapa" funga daftari mbele yake. Hata hadithi ya kawaida ina mwenyewe. Uliza nani aandikwe kama msimuliaji, nakala zibaki kwa nani, na kama inaruhusiwa kuwekwa mtandaoni. Kwa picha za watoto na taarifa za familia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, tena mtu aelewe anachoridhia. Msomee fomu kwa sauti. Alama ya dole gumba iliyopatikana kwa haraka haina heshima ndani yake.

Watu wanauliza posho. Tulipe?

Tunalipa wanaofundisha. Bibi anayekuja kusimulia na kusahihisha ni mkufunzi, alipwe kama mwezeshaji yeyote, na jina lake liwe kwenye orodha ya walimu. Kumlipa kijana mwenye cheti na kumpa mzee soda ni dhuluma, na watu wanaiona hata wakinyamaza. Wanaohudhuria hatuwalipi, ila chai na mihogo iwepo, na mtoto mchanga apate pa kulala. Kikundi kikiwa na VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), unganisha: kusoma kitabu cha hisa ni kisomo kitamu kuliko vyote.

Mfadhili anataka idadi. Tupime nini?

Mpe idadi ya waliohudhuria, anayo haki ya kujua. Pima pia usomaji wa watoto mwanzoni na mwishoni kwa kipimo kilekile: silabi, maneno, aya fupi. Zaidi ya hapo, waulize wanafamilia wenyewe watajuaje kwamba kimefanya kazi. Tulivyouliza, majibu yalikuwa haya: nisome meseji ya pesa kwenye simu bila kumpa mtu namba yangu ya siri; nijue kadi ya kliniki imeandikwa nini; mjukuu aniulize kitu. Hilo la mwisho andikeni kwenye ripoti kama lilivyosemwa, msilitafsiri kuwa kiashiria.

Mradi ukiisha itakuwaje?

Panga kuondoka tangu mwezi wa kwanza. Wawezeshaji watoke mtaa huohuo. Funguo, rejesta na kisanduku cha vitabu vikae nyumbani kwa mtu waliyemchagua wenyewe, visiwe ofisini kwako. Fedha zikikatika kabla ya muda, waambie siku hiyohiyo, mbele ya wazee, na kiasi kilichobaki mkigawe kwa mapatano: kwanza malipo ya wazee wanaofundisha, kisha karatasi, kisha nauli yako.